Gamba la Otmari

Boriti ya chuma ilikuwa imelala mbele ya lango la karakana tangu asubuhi, na winchi ya kuiondoa ilikuwa haijafika. Ilikuwa na uzito wa kilo mia nne. Mzee Otmari Mlelwa aliinama, akaishika kwa mkono mmoja, akaiweka kando kama mtu anayeondoa ukuni njiani. Kisha akasimama akihema.

Fotunata Haule, mwenye karakana, aliyaona yote mawili, ile nguvu na kule kuhema, na kilichomshtua ni kuhema. Aliyevaa gamba hahemi.

Gamba lilikuwa vazi la chuma lililofunika mwili kuanzia shingoni hadi nyayoni. Ndani yake mlikuwa na mota ndogo mia mbili na ubongo wa kielektroniki uliosoma nia ya misuli kabla misuli yenyewe haijasogea. Mvaaji aliwaza kunyanyua, gamba likanyanyua. Tangu machimbo ya chuma ya Liganga yapanuke na mji wa Ludewa kugeuka jiji la matanuru, maelfu ya wachimbaji walivaa gamba kila zamu. Wengine, kama Mzee Otmari, hawakulivua hata nyumbani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Fundi." Sauti yake ilikuwa nyembamba, imebanwa. "Nimekuja na mama."

Nyuma yake alisimama mkewe, Hildegada, mwanamke mfupi aliyejifunga blanketi mabegani kwa ajili ya baridi ya milimani. Yeye ndiye aliyeeleza.

"Kufuli la kifuani lilikwama, mwanangu. Huu mwaka wa sita. Kiwanda kilicholitengeneza kilishafungwa, hakuna wa kulifungua. Tukasema basi, tutaishi hivyo hivyo. Sasa tangu wiki iliyopita linambana. Linakaza kila siku. Jana usiku hakuweza kulala chali."

Fotunata aliweka kiganja juu ya bamba la kifua, akasikia mota ikinguruma kwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya mota ile, kulikaza gamba limkae mvaaji vizuri. Sasa ilikuwa imesahau kuacha. Alipima nafasi iliyobaki shingoni kwa kipande cha bati. Milimita tatu. Kwa mwendo ule, mzee alikuwa na siku mbili za kupumua, pengine pungufu.

"Roboti wakataji wamekataa?" aliuliza, ingawa jibu alilijua.

"Tulikwenda karakana zote tatu za mjini," alisema Hildegada. "Wakimkaribia tu, wanazima."

Roboti wakataji walikuwa wameundwa hivyo. Walikata meli na madaraja kwa mwali wa mwanga, lakini wakihisi joto la mwili karibu na chuma walijifunga wenyewe. Na hata wasingejifunga, mwali ungekipika kilichomo ndani.

Fotunata alikwenda kwenye rafu ya nyuma, aliyokuwa akiiita makumbusho kwa utani. Alianza kwa grenda. Akaishika, akairudisha. Diski ya grenda haikati chuma, inakisaga. Hurusha cheche mita tatu, na bamba lingekuwa la moto kabla hajafika katikati. Chini ya bamba lile mlikuwa na tabaka la sufi, kisha ngozi ya mtu.

Akachukua msumeno-duara wa mkono, wa marehemu baba yake. Ulikuwa na blade ya mbao. Akaifungua na kuiweka mbali, kwa sababu meno makubwa ya mbao hunasa kwenye bamba jembamba, na msumeno ukinasa humrukia aliyeushika. Kwenye kasha la bati alipata alichokitaka: blade ya kukatia chuma, ndogo, yenye meno sitini, kila jino limebandikwa ncha ya kabaidi, ngumu kuliko chuma chenyewe.

"Hii inang'ata," aliwaeleza wazee wawili, akiikaza kwa spana. "Kila jino linabeba kipande chake cha chuma na kuondoka nacho pamoja na joto lake. Mkato wenyewe unabaki vuguvugu. Lakini lazima izunguke polepole, na mimi nisiisukume."

"Na ikipita?" aliuliza Hildegada.

"Bamba lina milimita nne. Sufi ina sita. Nitaufunga msumeno kwenye kina cha milimita tano, usiweze kushuka zaidi hata mkono wangu ukiteleza." Alikaza skrubu ya kina. "Shida ni kwamba kazi ikikatwa inatakiwa ibanwe kwenye jiliwa, isitikisike. Wewe, Mzee, unapumua."

"Nitaacha."

"Hapana. Utavuta taratibu, utatoa taratibu. Ukitoa, kifua kinaachana na bamba. Hapo ndipo nitakata. Ukivuta, nitanyanyua msumeno."

Walimlaza juu ya meza ya chuma. Fotunata alichora mistari miwili kwa chokaa, mmoja kila upande wa kufuli, akaipaka nta ili meno yasishike. Akavaa miwani, akamfunika mzee uso kwa kitambaa kizito. Hildegada aliushika mkono wa chuma wa mumewe, ingawa mkono ule ulikuwa hauhisi kitu.

"Toa, Mzee."

Msumeno uliimba kwa sauti ya chini. Hakukuwa na cheche. Vipande vya chuma viliruka kama punje za chumvi na kutulia juu ya aproni. Sentimita moja. Akanyanyua.

"Vuta... Toa."

Walikwenda hivyo karibu saa nzima, pumzi kwa pumzi. Mara mbili mzee alikohoa, na mara mbili Fotunata aliunyanyua msumeno, akaligusa bamba kwa kidole kupima joto, akaanza tena. Mkato wa pili ulipokaribia mwisho, bamba lililia, likajitanua lenyewe. Mzee Otmari akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyeibuka majini. Hildegada akaanza kulia.

Fotunata alizima msumeno, akalitoa kufuli na kuligeuza.

Kufuli halikuwa limevunjika wala kuota kutu. Kwa upande wa ndani, pale ambapo kidole cha mvaaji tu kingeweza kufika, komeo lilikuwa limepinda kidogo, nalo limefungwa kwa waya wa shaba. Waya ulikuwa umesokotwa kwa uangalifu, mizunguko mitano.

Alimtazama mzee. Mzee alikuwa ameondoa kitambaa usoni, naye alikuwa anamtazama. Kisha akafumba macho.

Fotunata alilitia kufuli kwenye mfuko wa aproni. Alifungua vifungo vya mikono na miguu, akaondoa gamba kipande kwa kipande, na kadiri alivyoondoa ndivyo Hildegada alivyonyamaza. Miguu iliyotoka mle ilikuwa myembamba kama mianzi. Magoti yalikuwa manene kuliko mapaja. Mwanamume aliyenyanyua kilo mia nne asubuhi ile alijaribu kukaa, na kichwa chake mwenyewe kikamshinda. Miaka kumi na minane gamba lilikuwa limemfanyia kazi zote, hata ile ya kusimama.

"Fundi," alinong'ona. "Linaweza kuchomelewa?"

Fotunata alijua kwamba linaweza. Mota ile mbovu angeing'oa, bamba angelichomelea, na kesho kutwa mzee angerudi machimboni.

"Linaweza," alisema. "Ila muulize mama kwanza. Na umwambie."

"Aniambie nini?" alisema Hildegada.

Mzee alitazama paa.

"Kufuli halikukwama, Hilda. Nililifunga mimi. Mwaka ule nilipovua ili nioge, nilianguka bafuni. Sikuweza kuinuka. Ulikuwa shambani. Nilijiburuta mpaka kwenye gamba, nikaingia. Nikasema hutaniona hivyo." Alivuta blanketi la hewa kifuani. "Lilipoanza kunibana nilijaribu kuufungua ule waya, lakini komeo lilikuwa limeshapinda na kuunasa. Nikauacha, nikiomba atakayelikata aseme lilikwama."

"Aseme nani? Huyu mtoto wa watu?" Hildegada aliuachia mkono wa chuma, uliokuwa bado mkononi mwake ingawa hamkuwa na mtu ndani. Ukaanguka sakafuni kwa kishindo. "Miaka sita nalala na bati! Miaka sita nawalaani watu wa kiwanda!"

Alitoka nje. Fotunata alimsikia akitembea huku na huku kwenye kokoto. Alidhani ameondoka. Aliporudi, alivua blanketi lake, akamfunika mumewe, akambeba mgongoni kama gunia lililojaa nusu. Mlangoni alisimama.

"Hicho chuma usikichomelee," alisema. "Usikitupe pia. Tutaongea mimi na yeye, tutakuletea jibu."

Jibu halikuja. Baada ya miezi miwili Fotunata alipanda kilimani, nyumbani kwao, kulitafuta. Aliwakuta jikoni, Hildegada karibu na moto, Mzee Otmari kwenye kigoda kando ya mlango wa chumba.

"Subiri uone," mzee alimwambia.

Alishika fimbo ya mwanzi, akainuka. Miguu ilimtetemeka vibaya, na Fotunata akanyoosha mikono. Hildegada akatikisa kichwa, akimwambia asimsaidie. Mzee alivuka jiko kwa hatua kumi na moja. Alipofika kwenye kiti kando ya beseni la viazi vya kumenya alijiachia juu yake, jasho likimtiririka shingoni, kifua kikipanda na kushuka.

"Nimechoka," alisema, na akalirudia neno lile polepole, kama anayejaribu kiatu kipya. "Fundi, nimechoka. Unajua sijachoka tangu lini?"

"Basi kaa," alisema mkewe, akimtupia kisu kidogo mapajani. "Ukimaliza kuchoka, umenye."