Ubao wa Kupimia Ziwa

Nyumba yetu ilinukia mafunjo. Mama aliyakata ghubani asubuhi, akayapasua, akayaanika uani, halafu akasuka mikeka. Mikeka mizuri aliiuza. Ile iliyopinda tuliilalia sisi watoto. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafunjo mabichi, natamani kurudi kwenye nyumba ile, mama akinifokea nisikanyage kazi yake.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Mtaa mzima ulimwita Spika. Akimwita mteja kutoka kibandani kwake, waligeuka hata wasio na baiskeli.

Ile ghuba ya ziwa ndiyo ilikuwa shamba la mama. Maji yake yalikuwa mafupi, na mafunjo yaliota mpaka yakatuzidi kimo. Mama alikata yaliyokomaa na kuacha machanga. Ukikata changa, alikupiga kikofi cha mkono, kisha akacheka.

Siku moja watu wa halmashauri ya mji walikuja na gari. Walipigilia vigingi kando ya ziwa. Walisema bomba kubwa litapita hapo, kupeleka maji mjini. Kigingi cha mwisho kilisimama katikati ya ghuba.

Mama alikitazama kile kigingi kwa muda mrefu.

"Hapa ndipo watakapovutia maji?" aliuliza. "Maji ya hapa yakipungua kidogo tu, mafunjo yanakufa. Nitasuka nini mimi? Nywele zenu?"

"Bomba halipiti!" baba alisema. "Labda lipite juu ya mgongo wangu!"

Jumapili hiyo shangazi alikuja kutoka mjini. Alisikia maneno ya baba hata kabla hajafika mlangoni.

"Kaka, mgongo wako tutaufanyia nini?" alisema akiketi. "Sisi kule tunapanga foleni na ndoo kabla jua halijatoka. Watoto wanakwenda shule hawajanawa uso. Unataka tunywe jasho?"

"Kunyweni maji ya kwenu."

"Yapi? Mto wetu umebaki mchanga."

Mama alimmiminia chai. "Wifi, kiu yenu naielewa," alisema. "Lakini na mimi nielewe. Ghuba ikikauka, nyumba hii haina mkono wa kuilisha zaidi ya wa kaka yako. Na baiskeli haziharibiki kila siku."

Shangazi alikunywa chai yake. Baba aliendelea kusema.

Siku ya pili yake baba na wenzake walikwenda ziwani. Waling'oa vigingi vyote. Karibu na mwamba ulio mwisho wa ghuba walikuta ubao mrefu uliopakwa rangi, wenye mistari na namba. Ulikuwepo hapo miaka mingi, na hakuna aliyejua ni wa nini. Wakaung'oa na huo. Baba alirudi nao begani kama aliyeshinda vita.

"Kigingi kikubwa kuliko vyote!" alitangaza.

Mama aliugeuza ule ubao. Ulikuwa umenyooka vizuri. Akautia kwenye kazi yake, akawa anabana nao ukingo wa mkeka. Mikeka yake haikuwahi kunyooka vile. Baba alijisifu wiki nzima kwamba yeye ndiye aliyemletea.

Katika chumba cha mbele kwenye kiwanja chetu alipanga dada mmoja, mfanyakazi wa ofisi ya kulinda ziwa. Ofisi yao haikuwa ya halmashauri. Kazi yao ilikuwa kuangalia kila anayetumia maji ya ziwa. Jioni moja alikuja kununua mkeka. Alipoona mama anabana ukingo, alisimama.

"Mama, huo ubao umeutoa wapi?"

"Ameniletea mume wangu. Kigingi cha bomba hicho."

Yule dada alijishika kichwa. "Hiki si kigingi, mama! Huu ni ubao wa kupimia kina cha ziwa. Huu ndio shahidi wenu!"

Baba alitoka ndani na kipande cha mkate mkononi. "Shahidi gani?"

"Baba, mkienda kwenye mkutano wa halmashauri kuhusu bomba mtasema maji ya ghuba yatapungua. Mtaulizwa, wakati wa kiangazi hubaki kiasi gani? Mtaonyesha nini?"

"Mdomo ninao."

"Mdomo wako tunaujua sote," alisema yule dada, na mama akacheka mpaka akaangusha mafunjo. "Lakini mhandisi wa bomba anataka kipimo. Zamani ofisi yetu iliusoma ubao huu miaka mingi, na vipimo vyake tunavyo. Vinaonyesha kiangazi ghuba hii hubaki na maji ya magotini tu. Halmashauri hawajaviomba."

Baba alikaa chini. "Basi nitaurudisha kimyakimya kesho."

"Usithubutu! Ukiuchimbia juu au chini kidogo tu, utasema uongo. Lazima uwekwe na mpimaji. Upeleke mkutanoni, useme ukweli. Halafu muulize mambo yenu bila matusi. Mdomo wa bomba utakaa wapi? Litavuta maji kiasi gani? Kiangazi itakuwaje? Na muombe kuuona uchunguzi wa mazingira. Ni haki yenu."

Baba aliogopa. Niliona. Siku ya mkutano aliubeba ule ubao mchana kweupe, watu wakimtazama, akaenda nao mpaka mbele.

"Nilidhani ni kigingi," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumeurudisha. Tunaomba uwekwe, na mtusikilize."

Watu walicheka, na mhandisi pia. Lakini mama aliposimama kuuliza habari za ghuba, hakuna aliyecheka. Yule dada alitoa vipimo vya ofisi yao. Mhandisi alivisoma, akarudia. Akakiri kwamba walichagua ghuba kwa sababu ni karibu, na hawakujua kina chake cha kiangazi.

Mabishano yalichukua miezi. Mwishowe walikubaliana. Mdomo wa bomba ulipelekwa kwenye kina kirefu, nyuma ya mwamba. Ubao ulichimbiwa tena na mpimaji, ukawekwa mstari mwekundu. Maji yakifika mstari huo, mashine moja kati ya mbili za kuvuta maji huzimwa. Na kwa kuwa mama alikuwa ghubani kila asubuhi, walimchagua yeye kuusoma. Hakujua kusoma, ndipo alipojiunga na darasa la watu wazima. Alisoma herufi na namba huku akisuka, kwa sauti, mpaka baba akazikariri kama wimbo.

Kiangazi kikali kilikuja. Asubuhi moja mama alirudi mbio, sketi imelowa, akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mashine. Nilimfuata.

"Maji yamefika mstari mwekundu. Zima moja," alimwambia mwendesha mashine.

"Mama, mpaka mkubwa anipigie simu."

Makubaliano yalikuwa yamebandikwa mlangoni. Mama aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma. Alisoma polepole, bila kuruka hata neno moja. Alipomaliza, yule mtu alivuta mkono wa swichi. Mashine moja ikanyamaza.

Shangazi alipiga simu wiki iliyofuata. "Wifi, umetufungia bomba! Siku hizi maji siku moja, siku ya pili hamna!"

"Si mlikuwa hamna kabisa?"

"Ndiyo maana nacheka," alisema shangazi. "Tumenunua mapipa. Wewe soma tu."

Mvua ziliporudi, ghuba ilijaa.

Mama hatunaye tena. Ubao nausoma mimi. Mafunjo yapo, marefu na mabichi, na mjini maji yanafika. Baba amezeeka, sauti imepungua. Nikirudi ghubani ananiuliza namba, na kila siku anasema, "Mama yako angeisoma kwa sauti."

Basi naisoma kwa sauti.