Mabonge ya Udongo Chini ya Gurudumu

Kila Jumamosi asubuhi Coletha ndiye aliyejaza mpira upepo na kuwapanga wenzake, maana alikuwa kapteni wa timu ya shule ya mpira wa pete. Lakini Jumamosi moja ya mwaka 1974, siku ya mechi ya Kahama, Sista Klara, mwalimu wao wa michezo, alimvua ukapteni mbele ya timu nzima, akampa Mbuke.

"Kapteni hatukani wenzake," alisema Sista. Basi.

Coletha alipanda Landrova kifua kimejaa hasira. Njiani Mbuke alimkaribisha karanga. Coletha akageuza uso.

Walipopita Segese, kwenye mteremko, tairi la nyuma likapasuka. Sista Klara alisogeza gari pembeni, akavuta breki ya mkono, akaingiza gia, akawashusha wasichana wote na kuwaambia wakae mbali na barabara.

"Mbuke, nisaidie kulegeza nati kabla hatujainua gari. Coletha, tafuta mawe makubwa uyaweke mbele ya magurudumu ya mbele. Breki hii siiamini."

Coletha aliondoka akinung'unika. Mbuke anashika spana, yeye anatumwa mawe! Tena mawe yalikuwa ng'ambo ya korongo. Karibu yake palikuwa na kichuguu kilichobomoka. Akaokota mabonge mawili ya udongo, akayasukumiza kwa mguu chini ya magurudumu.

"Umeweka mawe?" aliuliza Sista.

"Nimeweka!"

Sista akalaza tairi la akiba chini ya ubavu wa gari, ili likianguka likalie tairi, kisha akapiga jeki. Mbuke alikuwa ameinama kuchomoa gurudumu, mara gari likajongea. Mabonge yakasagika kama unga, jeki ikapinduka, gari likashuka kwa kishindo na kukalia lile tairi la akiba. Mbuke aliruka nyuma, vidole vikivuja damu.

Alipouona udongo uliosagika, alimvaa Coletha.

"Ukapteni chukua! Mikono yangu niachie!"

Sista Klara aliwatenganisha. "Nani ameweka udongo huu?"

Coletha aliitazama ile damu. "Ni mimi, Sista. Nilisema uongo. Nilikuwa na hasira."

"Na mimi nina hasira sasa hivi, kuliko zako! Je, niache kukaza nati? Nenda kavuke korongo!"

Alivuka, akarudi na jiwe, akavuka tena. Safari hii Sista aliyakagua mawe mwenyewe. Wakainua gari upya, tairi bovu likalazwa chini, la akiba likafungwa. Gari liliposhushwa, nati zilikazwa kwa kupishana, hii kisha ile inayoielekea.

Walifika Kahama wenyeji wamekwishapewa ushindi. Wasichana walimkasirikia Coletha waziwazi, naye hakujitetea.

"Nikasirikie hata mwaka mzima, ruhusa," Sista Klara alimwambia, sauti bado kali. "Hasira ni yako. Lakini uhai wa Mbuke si wako. Ukisema umeweka jiwe, mwenzako anaingiza mikono yake kwa kuliamini neno lako. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Sista."

Wakati wa kurudi, Mbuke alizigusa nati zote, moja baada ya nyingine, kwa mkono uliofungwa kitambaa. Coletha alisimama pembeni akimngojea amalize.