Sauti Kutoka Shimo la Mnyororo

Atakayesema huu ni uzushi akamwulize dada wa jirani yetu, yule fundi anayeitwa Spana. Amtazame usoni, kama Spana atakubali kutazamwa.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Tagi, ile boti ya kuvutia meli, ilikuwa imepandishwa chelezoni, nchi kavu, na Spana na mjomba wake walikuwa wakiihudumia winchi ya nanga. Nanga ililazwa chini kwenye saruji, mnyororo umenyooshwa, mkavu. Mjomba alishachomoa fyuzi ya mota akaitia mfukoni.

"Kwangua grisi kuukuu yote, mama. Usinipakie mpya juu ya uchafu. Hiyo ni poda, si kazi."

"Sawa, Mjomba. Poda nakuachia wewe."

Mjomba akacheka, akaaga kwamba anashuka kwenye shimo la mnyororo, mle chini ya sitaha unamojikusanya, akatoe tope. Spana akaendelea kukwangua meno ya gia.

Sauti ikapanda kutoka shimoni, taratibu.

"Mama. Vuta."

"Nivute na nini, Mjomba? Fyuzi si unayo wewe?"

"Vuta."

Akaweka kiganja kwenye gurudumu, kwa mzaha tu.

Winchi ikazunguka. Bila umeme. Bila mngurumo. Pingili moja ya mnyororo. Nyingine. Zilipita mbele yake zikidondokea shimoni, zinachuruzika maji. Kule chini, nanga ikaburuzika kwenye saruji.

Kisha winchi ikasimama. Na Mjomba akatokea nyuma yake, akipanda ngazi kutoka nje ya chombo, vikombe viwili vya chai mkononi.

"Nilipitia chai kwanza," alisema. "Mbona umekauka hivyo?"

Hakuwahi kuingia shimoni.

Wanaume wa karakana walikuja mbio. Tangu Spana aajiriwe walikuwa wakimvizia aharibu, wamcheke yeye na wenzake wote wenye sketi. Msimamizi akaitazama nanga ilivyohama.

"Nani kaiwasha hii?"

Spana alitaka kusema alichosikia. Akaviona vicheko vilivyokuwa tayari midomoni mwao: mwanamke na mashetani yake! Akaelekeza kidevu.

"Mjomba."

Mtu aliyemlea. Aliyempigia magoti huyohuyo msimamizi ili apate nafasi pale.

Mjomba akatia mkono mfukoni. Fyuzi ilikuwemo; angeitoa tu, uongo ungeishia palepale. Akamtazama mpwa wake. Akautoa mkono mtupu.

"Ni mimi, bosi. Uzee."

Alifukuzwa kabla chai haijapoa. Spana alibaki na kazi yake na sifa yake, na hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomchoma. Mchana kutwa alijihisi kama amevuliwa nguo sokoni, ila hakuna aliyemwona.

Kesho yake, alipotoka kazini jioni, alikwenda nyumbani kwa Mjomba. Njia nzima aliyageuzageuza maneno ya kuomba radhi. Mjomba akafungua mlango, anatabasamu.

"Umesahau kitu, mama?"

"Mjomba, nimekuja kukuomba..."

"Aa, tena? Si yaliisha asubuhi? Umelia hapo mpaka nikaona aibu mimi. Nimeshakusamehe, na mkaza mjomba wako ni shahidi."

Spana akashika fremu ya mlango.

"Asubuhi nilikuwa kazini," alinong'ona.

Tabasamu la Mjomba likafifia kidogokidogo.

"Uliniita vilevile unavyoniita," alisema kwa sauti ya chini. "Ulinishika mkono. Ulikuwa wa baridi."

Msamaha ulikuwa umeshatolewa, na aliyeupokea hakuwa yeye. Maneno yake yalibaki mdomoni, hayana pa kutua. Akainamisha macho.

Sakafuni palikuwa na nyayo za maji, peku, ukubwa wa mguu wake hasa. Zilianzia mlangoni, zikapita kando ya kiti cha Mjomba, zikaingia chumbani.

Za kutoka hazikuwepo.