Malamuti Watatu wa Puyuk

Jirani yake Puyuk, Nagruk, aliwaambia watu kijijini kwamba barafu ya bahari ilipasuka, Puyuk akazama pamoja na mbwa wake, na kwamba yeye mwenyewe aliona kwa macho yake mawili. Alilia hata akapewa supu ya sili.

Puyuk hakuzama. Barafu ilipopasuka, sleji aliyopanda na Nagruk kwenda kuwinda ilipinduka ikamvunja goti. Mbwa saba walikuwa wakiivuta: haski wanne wa Nagruk na malamuti watatu wa Puyuk.

"Unaweza kusimama?" Nagruk akauliza.

"Siwezi. Goti limekwenda."

Nagruk akaanza kuwafungua malamuti. "Naenda na haski tu, dada. Hawa wako wanatembea kama bibi harusi. Kabla jua halijazama nimerudi na watu."

"Niachie hata jiko."

"Jiko la nini? Si narudi sasa hivi!"

Akaondoka na sleji, jiko na nyama. Haski hawakugeuka nyuma. Puyuk hakuwalaumu, haski humpenda yeyote anayeshika kamba, na hupenda kukimbia zaidi.

Jua likazama, likachomoza. Hakuna mtu. Hapo ndipo alipoelewa, na kuelewa kule kulimuuma kuliko goti.

Alibanja barafu kuukuu ya buluu, iliyokwisha chumvi, akainyonya. Samaki mkavu mfukoni mwake alikuwa mmoja. Malamuti wakararuana kwa ajili yake mpaka akawapiga ngumi za pua, akamkata vipande vitatu, yeye asile. Kisha akaifunga kwenye mikanda yao ngozi ya sili aliyokuwa ameikalia, akalala juu yake.

Walivuta polepole, kwa ubishi wao ule ule. Penye barafu ya kijivu, Amaq, jike aliyeongoza, akaketi.

"Vuta, mjinga wewe!"

Amaq akapiga miayo. Puyuk akarusha bonge la theluji mbele. Likatoboa barafu, likapotea majini. Wakazunguka mbali.

Siku ya pili walifika kijijini. Mama mmoja aliyekuwa akipasua samaki alidondosha kisu, akamgeukia Nagruk. "Wewe! Si ulisema ulimwona akizama?"

"Niliogopa kurudi," Nagruk akasema. "Halafu nikaona haya."

Majira ya baridi yaliyofuata, Nagruk alisimama mlangoni kwa Puyuk, kofia mkononi.

"Dada, hakuna anayekubali kufunga mbwa wake pamoja na wangu. Twende kuwinda wote. Mara moja tu, watu waone."

Puyuk alimtazama. Kisha akanyoosha ule mguu usiokunjika, akaendelea kushona mkanda wa Amaq.