Kipindi Kilichogawiwa Hisabati

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, pacha wawili walimsaidia mama yao kuanika mashuka. Mama alikuwa dobi. Alifua mashuka ya nyumba ya wageni iliyokuwa mtaa wa pili, na kamba zilijaa uani kiasi kwamba mgeni alilazimika kuinama ili afike mlangoni. Mmoja alishika ncha hii, mwenzake ile, wakakung'uta, wakaanika, kisha wakavaa sare na kuondoka.

Kwa sura walikuwa shilingi kwa ya pili. Kwa tabia walikuwa mbingu na ardhi. Aliyetangulia kuzaliwa alikuwa mwepesi wa kusema na wa kuamua, na tangu achaguliwe kuwa kiranja wa darasa, hata nyumbani walimwita Kiranja. Mdogo wake waliyepishana naye kwa dakika chache aliitwa Kimya. Jina lilimkaa sawasawa.

Walisoma kidato kimoja, mikondo tofauti. Kila mkondo ulipaswa kuwa na kipindi kimoja cha afya kwa wiki, tena kwa lazima. Makamu mkuu wa shule, ambaye ndiye aliyepanga ratiba, aliupa mkondo wa Kimya kipindi hicho Jumanne asubuhi. Mkondo wa Kiranja ukaangukia Ijumaa, kipindi cha mwisho, wakati ambapo nusu ya darasa husinzia na nusu nyingine huwa tayari imefunga mabegi.

Kiranja hakulithamini somo lile. "Halina mtihani," aliwaambia wenzake. "Kunawa mikono tulifundishwa chekechea. Hisabati ndiyo inayotukaba koo."

Wenzake wakamuunga mkono. Basi akaenda kwa mwalimu wa hisabati, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Kipeo, akamwomba akichukue kipindi hicho. Kipeo alikuwa na mada chungu nzima ambazo hajazigusa. Alikubali kabla Kiranja hajamaliza kusema.

Ijumaa iliyofuata mwalimu wa afya alikuja na begi lake la bendeji. Alikuwa mama wa makamo, muuguzi wa zamani, mwenye sauti ya taratibu. Akamkuta Kipeo yuko ubaoni.

"Samahani, mwalimu," Kiranja alimwambia mlangoni. "Leo tuna hisabati."

"Na Ijumaa ijayo?"

"Pia, mwalimu. Mpaka tumalize mitihani."

"Makamu anajua?"

"Tutamwambia."

Mwalimu alilitazama darasa, kisha begi lake. "Haya, mwanangu," alisema, akaondoka. Hakuna aliyemwambia makamu.

Jumamosi moja mchana, mama alikuwa jikoni akiepua sufuria kubwa ya maji yaliyokuwa yanatokota, ili aloweke mashuka yenye madoa. Kishikio kikang'oka. Maji yakammwagikia mkono wa kulia, kuanzia kwenye kiwiko hadi vidoleni.

"Dawa ya meno!" alipiga kelele. "Leteni dawa ya meno!"

Kiranja aliruka kama swala, akaileta, akaanza kupaka. Jirani yao, aliyesikia ukelele ule, akaingia na bakuli la unga.

"Paka unga juu yake! Unga unavuta moto!"

Wakati huo Kimya alikuwa anarudi kutoka dukani alikotumwa sabuni. Alipoona mkono wa mama, aliangusha mfuko palepale.

"Mama, twende bombani."

"Niache, mwanangu, naungua!"

"Ndiyo maana, mama. Joto bado liko ndani ya ngozi. Lazima tulipoze."

Jirani akamkodolea macho. "We mtoto! Maji ndiyo yaliyomuunguza, nawe unataka kumwongezea maji?"

"Nisamehe, mama mdogo," Kimya alisema. Alikuwa ameshamshika mama begani. "Hayo yalikuwa ya moto. Haya ni ya bomba. Unga utagandia kwenye kidonda. Naomba uuweke chini."

Kiranja alisimama na dawa ya meno mkononi. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa na jibu la kila kitu. Sasa alimtazama mama, akamtazama jirani, akamtazama pacha wake, asijue nani wa kumsikiliza.

Kimya alifungua bomba. Maji yaliposhuka mkononi, mama alifumba macho, kisha pumzi yake ikaanza kutulia kidogo kidogo.

"Pete, mama. Itoke kabla vidole havijavimba."

"Haijawahi kutoka tangu niolewe."

"Sabuni!" alisema Kiranja, akapata hatimaye cha kufanya. Akaokota mche aliouangusha Kimya, akaipaka pete taratibu, ikateleza na kutoka.

Mama alitaka kuondoa mkono, lakini Kimya akamzuia. "Bado. Mwalimu alisema dakika ishirini." Zilipotimia, aliufunika mkono kwa foronya safi iliyotoka kupigwa pasi, bila kuukaza, wakaenda zahanati.

Tabibu aliufunua mkono, akauchunguza. "Nani aliuweka kwenye maji?"

Kimya alinyoosha kidole kama yuko darasani.

"Umefanya vizuri sana. Malengelenge yatakuwepo, lakini jeraha halikuzama. Mkono huu utafua tena." Kisha akaona weupe uliobaki katikati ya vidole. "Na hii dawa ya meno?"

Kiranja alitamani kusema kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeiagiza. Akaimeza kauli hiyo. "Ni mimi, daktari."

"Wengi hufanya hivyo. Shida ni kwamba inazuia joto lisitoke, na sasa lazima niisafishe juu ya ngozi mbichi."

Alipoanza kuisafisha, mama aling'ata mdomo na machozi yakamtoka. Kiranja aliona kila chozi.

Njiani walipokuwa wakirudi, alimuuliza pacha wake, "Hayo ulijifunza lini?"

"Jumanne iliyopita. Nilitaka kukusimulia. Ukaniambia halina mtihani."

Jumatatu Kiranja alikwenda ofisini kwa makamu, akaeleza yote. Makamu alikunja uso.

"Kumbe kipindi cha lazima kilihama shuleni kwangu, nami sina habari!" Akaigeukia ratiba ukutani. "Tena ratiba ni kama blanketi fupi, binti. Ukifunika kichwa, miguu inabaki nje. Nikikirudisha Ijumaa jioni, si mtasinzia?"

"Mwalimu, Jumatano baada ya mapumziko tuna kipindi cha kujisomea. Ukweli ni kwamba hatujisomei. Tunapiga soga."

Makamu akashindwa kuzuia kicheko. "Kiranja anajichongea mwenyewe! Basi afya itaingia Jumatano, na kujisomea kutakwenda Ijumaa."

Darasani kelele zikazuka. "Umetuuza, Kiranja!" Lakini alipowasimulia habari za mkono wa mama, waliacha kunung'unika. Hata Kipeo, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuna kichwa.

"Nilikipokea kipindi bila kuuliza, na hilo ni kosa langu," alisema. "Tena ningeungua mimi, ningekimbilia dawa hiyohiyo ya meno."

Jumatano mwalimu wa afya aliingia na begi lake. Kiranja alisimama akamwomba radhi mbele ya wote.

"Nimekusamehe, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Jana ameanza kukunja vidole."

"Namshukuru Mungu." Mwalimu akawageukia wengine. "Sikilizeni. Masomo mengine mnapangiwa siku ya mtihani, mkajiandaa. Hili halina siku. Mtihani wake hukukuta jikoni au barabarani, na ukishindwa, anayeumia ni mtu wako. Ndiyo maana limepewa nafasi kwenye ratiba, na nafasi hiyo si ya kugawa."

Akatoa bendeji. "Kiranja, njoo mbele. Mwenzako ameanguka, amevunjika mkono. Unaanza na nini?"

Darasa zima lilimngojea.

"Sijui, mwalimu," alisema Kiranja, akasogea karibu zaidi ili aone vizuri.