Kaseti Iliyotoka Misungwi

Sema naongopa, halafu nenda Nyakato ukamuulize mrekodi kaseti Mashimba, kama una ubavu!

Mteja alimletea santuri ya roki ya Wazungu, zile ambazo nyimbo zote ni hadithi moja isiyokatika. Mashimba hakuwahi kuisikia. Kaseti mpya zilikuwa zimeisha, akachukua ya zamani, akaziba vitundu vyake kwa karatasi ili ikubali kurekodi. Akafunga mlango kuzuia kelele, kibanda kikawa giza. Gitaa likalia kama mtu anayezama, naye akasikiliza bila kukohoa hadi upande wa kaseti ukaisha.

Alipoitoa kaseti, akamulika lebo yake kwa kiberiti. Lo! Ndiyo ile aliyorekodi marehemu mama yake kumsalimia kutoka Misungwi. Rekodi nyingine ya sauti yake haikuwepo duniani.

“Nimemfuta mama!” akalia.

Santuri ilikuwa bado inazunguka. Gitaa likanyamaza, na spika ikasema taratibu, “Mashimba, mwanangu, umekula?”

Akainua sindano. Sauti ikaendelea.

Huwa naishia hapo, washkaji wanacheka. Nisichowaambia ni kwamba nilikuwa mle ndani, nimesimama nyuma ya Mashimba, na mama yule akauliza, “Na huyo nyuma yako, mbona hapumui?”