Kona Isiyopakwa Rangi

Yote yalianza na harufu. Mke wa daktari wa meno, mwalimu wa hesabu asiyependa mambo ya kubahatisha, aliinusa kwanza kwenye zulia, kisha kwenye mapazia, kisha akampigia simu mchoraji na kumuuliza kwa adabu kama rangi zake huwa zinaoza. Mchoraji, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi hadi jina lake likasahaulika, akacheka, akamwambia picha mpya haikosi harufu, afungue tu madirisha. Alipokata simu hakucheka tena. Harufu aliyoelezwa, ya majani yaliyolala majini siku nyingi, haikutoka kwenye kopo lolote la rangi, na yeye aliijua.

Wanandoa hao walitaka picha ya kijito cha msituni walikokubaliana kuoana, waitundike sebuleni. Brashi alikaa kando ya kijito hicho siku tisa, na kila ilipofika adhuhuri alihisi anatazamwa kisogoni. Hilo halikumshtua. Shangazi yake, aliyemlea na kumfundisha kushika brashi, alimwambia tangu utotoni kwamba ukichora mahali wasipoishi watu, anayekutazama huingia na yeye kwenye picha, kwa hiyo uache kona moja tupu, upana wa ukucha wa dole gumba, apate pa kutokea. Picha zote za shangazi zilikuwa na alama hiyo nyeupe.

Naye Brashi aliiacha. Lakini siku ya kukabidhi picha, daktari aliinama, akaweka kidole pale chini kushoto, akasema hapa umesahau. Mkewe akatabasamu kwa upole, na tabasamu hilo ndilo lililomkata maini. Angewaambia nini wasomi wale, kwamba shangazi yake anaogopa majini? Akacheka nao, akasema uzee huo unabisha hodi, akatoa brashi mfukoni na kuiziba kona kwa rangi ya kijani, kwa wepesi wa mtu aliyezoea.

Wiki ya pili mwalimu akapiga tena. Ukutani kulikuwa na mstari wa unyevu, usawa wa kifua cha mtu, ulioanzia kwenye picha na kuzunguka sebule nzima, utadhani kuna mtu aliyelowa anapapasa kuta akitafuta mlango. Fundi bomba alibomoa ukuta, akakuta ndani pakavu. Brashi akajitia hamnazo, akasema labda ni paa. Wiki ya tatu hakupokea simu. Wiki ya nne mwalimu alimfuata karakanani, macho yamemvimba, akazungumza kwa kunong'ona ingawa walikuwa wawili tu.

"Mume wangu ananiita kutoka sebuleni," alisema. "Nikienda simkuti. Yuko kazini. Na yeye anasikia mimi namwita. Kila mmoja anaona mwenzake anamfanyia mchezo. Jana amehamia kwa kaka yake."

"Sauti inasema nini?"

"Nifungulie. Basi." Akasogea karibu. "Niambie ukweli, mimi nimerukwa na akili?"

Brashi akamkumbuka dada yake, aliyelazwa hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka wa nne sasa, akaisukuma kumbukumbu hiyo haraka. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Hata hivyo hakusema. Alisema atakuja kuichukua picha airekebishe, maana bado alikuwa anatafuta namna ya kulimaliza jambo hilo bila kufungua mdomo.

Akaenda kesho yake saa nane mchana, jua likiwaka nje na watoto wa jirani wakicheza. Daktari alikuwa ameitwa, amesimama mlangoni mwa sebule yake kama mgeni. Brashi alishika fremu kwa mikono miwili, akavuta, nayo haikutoka, ilikuwa nzito kama godoro lililonyeshewa, na nyuma yake maji ya baridi yakaanza kumchuruzikia ndani ya mikono ya shati, na ile harufu ikamjaa puani, na mstari wa ukutani ukaanza kusogea mbele ya macho ya wote watatu, polepole, ukipita nyuma ya kabati, ukipita juu ya kochi, ukipita mlango ulio wazi bila kuutambua, ukizunguka hadi ukamfikia yeye, na hapo sauti ikasema sikioni mwake, nifungulie, na sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe.

Daktari na mkewe walimtazama. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Brashi akapiga magoti. Akatoa kisu cha kukwangulia rangi, na huku akikwangua akawaeleza yote: kona, shangazi, na kicheko chake siku ile. Turubai tupu lilipoonekana, mapazia yalivutwa kuelekea kwenye picha, kitu chenye ubaridi kikampita shavuni, kisha mstari ukakauka kuanzia mwisho hadi mwanzo. Zikabaki kelele za watoto nje.

"Ulijua tangu simu ya kwanza," daktari alisema taratibu.

"Tangu simu ya kwanza."

Mwalimu alimshika mumewe mkono. Hakumtukana Brashi wala hakumshukuru. Alimfungulia mlango tu, na Brashi akatoka akitazama viatu vyake.

Jioni hiyo alikwenda kwa shangazi, aliyekuwa hatoki tena kitandani na macho yake hayaoni vizuri. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa ukingoni mwa kitanda na kumsimulia. Shangazi alisikiliza hadi mwisho.

"Ni hiyo moja tu uliyoziba?"

Brashi alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Kumi na moja, shangazi. Wateja wakiicheka kona, naiziba."

"Ya kwanza ulimpa nani?"

Ya kwanza ilikuwa zawadi ya harusi ya dada yake, bwawa lenye matete, na aliyeicheka kona alikuwa bwana harusi. Miaka miwili baadaye dada akaanza kuitika mchana kutwa kwenye chumba kisicho na mtu, mumewe akamrudisha kwao, na aliyesaini fomu za hospitali ni Brashi mwenyewe. Akamwambia shangazi hayo pia.

Shangazi alipapasa shuka hadi akaupata mkono wake, akaushika, kisha akauachia.

"Mtoto wa watu alikuwa anatuambia kuna mtu anaomba kufunguliwa," alisema. "Sisi tukamfungia yeye."

Brashi alitafuta pa kuweka macho yake, akakosa.